Vidung'ata Havirogi Mtu

Nyinyi vijana mnaouza maua ya nyumbani kando ya barabara, kwenye mifuko myeusi na vyungu vya plastiki, huwa mnanijia na jani moja lililojikunja mkononi. "Mzee, hii tupulize dawa gani?" Huo ndio ugonjwa wenu wa kwanza. Mnaanza na dawa. Mgonjwa hamjamuuliza hata jina.

Nilitunza maua ya ndani Kitui na Makueni tangu nikiwa na nywele hadi nilipobaki na kofia. Barua yangu ya kazi ilisema mimi ni mkata nyasi wa nyumba za maafisa. Wenye nyumba waliniita shamba boi, hata nilipokuwa na wajukuu. Lakini ua lililokaa juu ya redio likianza kunyauka, mimi ndiye niliyeitwa, tena kwa haraka kuliko anavyoitwa daktari. Kwa hiyo niliingia sebule ambazo mtu wa mshahara wangu hakupaswa kuziona, na niliona mengi, kwa sababu mtu akiwa amepiga magoti mbele ya mkebe wa maua, wenye nyumba huendelea kugombana kana kwamba hayupo.

Leo nataka kuwaeleza habari ya Kasyoka, mjane wa Zombe, aliyekaribia kupoteza kazi na jina lake kwa sababu ya wadudu wadogo kuliko punje ya mtama. Lakini kwanza niwape vitu viwili vitatu, msije mkaisikiliza kama walivyoitazama waliokuwapo, yaani midomo wazi.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Ngumbau. Yeye akiingia sebuleni hakulitazama ua. Alilala chali chini ya meza. Kina mama walidhani amelewa, na siku nyingine walidhani sawasawa. Lakini akiwa pale chini aliuona upande wa nyuma wa jani.

"Juu ya jani ni pale mtu anapoketi na wageni," aliniambia. "Wewe ingia jikoni."

Huko jikoni ndiko wanakokaa wote. Vidukari hujazana kwenye ncha laini, wa kijani au weusi, kama watu kwenye sherehe ya bure. Utitiri huwezi kuuona: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, na vumbi likianza kutembea, basi si vumbi. Wadudu gamba hujifanya madoa ya kawaida ya shina. Kwaruza kwa ukucha, doa likibanduka ujue lilikuwa linakula. Na vidung'ata hujificha penye maungio ya jani na shina, wamejifunika sufi nyeupe kama pamba iliyosahaulika kwenye kona ya ghala. Wengi wao hunyonya utomvu na kudondosha utamu unaonata. Utamu huo huita sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye ua, usikimbilie kuwaua. Wafuate. Wanafuga. Wafugaji wa Tseikuru hawajui mbuzi wao kama sisimizi anavyojua vidung'ata vyake. Huvihamisha malisho, na akija mwindaji humfukuza.

Na sasa makosa, maana mnayapenda kuliko mafunzo.

Mwenye duka mmoja wa Zombe alisikia kwamba utitiri ni ndugu wa kupe. Jambo hilo ni kweli kabisa, na ndilo lililomponza. Alikwenda josho, akajaza dawa ya ng'ombe kwenye chupa, akanyunyizia sebule nzima huku madirisha yamefungwa "isipotee bure." Maua yalikufa. Kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kochi alihama na kuyaacha mayai. Mkewe alikohoa mpaka akaenda kulala kwa dada yake. Nilipofika, bwana yule alinipokea kifua mbele. "Lakini utitiri umeisha," akasema. Ulikuwa umeisha, naam. Ungekula nini?

Kule Kibwezi, mwenye hoteli aliyavuta macho ya wasafiri wa barabara ya Mombasa kwa kupangusa majani na mafuta ya kupikia ili yang'ae. Yaling'aa asubuhi moja. Kisha malori yakaanza kupita, vumbi likaja kukaa, na kufikia chakula cha mchana kila jani lilikuwa chapati. Jani hupumua, wajukuu zangu. Ukilikaanga, usiniulize kwa nini limekufa.

Halafu kulikuwa na mitindo. Nilipoanza, dawa ya kila kitu ilikuwa maji ya tumbaku, na mtu asiponawa mikono alitapika kabla ya mdudu. Baadaye pamba ilipostawi, watu walichukua dawa ya shambani wakainyunyiza kwenye meza ile ile wanayolia isyo, yale mahindi yetu ya kuchemsha na maharagwe. Baadaye tena ukaja mwarobaini, ambao ulitibu kila kitu pamoja na ndoa. Kila mtindo uliletwa na kijana mwenye viatu vipya. Nimeviona viatu vikichakaa. Wadudu nao wameviona.

Sasa Kasyoka.

Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa afisa mmoja wa pale Kitui, mtu wa kutoka sehemu za baridi, ambaye idara yake sitaitaja. Sote tulimwita Bwana Mkubwa. Alipopata uhamisho, jamaa zake walimwonya kuhusu Ukambani: chunga chakula, chunga mkono unaosalimia, watu wa huko wana kamuti. Kamuti ni ule uchawi wetu unaosifiwa mbali sana na watu ambao hawajauona. Basi Bwana Mkubwa alikuja na kikombe chake mwenyewe mfukoni, na alisalimia kwa kuinua kofia, mikono ikiwa salama nyuma.

Mkewe, Mama Shiru, alikuwa mtu wa watu. Alipofika, kina mama wa kanisa walimkaribisha kwa desturi yao: kila mmoja alimkatia kitawi cha ua kutoka kwake. Kitawi hakikataliwi, na hakishukuriwi, kwa sababu ukisema asante hakitashika. Hivyo ndivyo nyumba za mji mzima zilivyokuwa na maua yale yale, kwenye mikebe ile ile ya mafuta ya kupikia iliyopakwa rangi nyekundu, juu ya vitambaa vile vile vya kroshia. Ua zuri kuliko yote lilitoka kwa mke wa mchungaji, ambaye aliitwa Mama Mchungaji na wote, hata waliomzidi umri. Lilikuwa na majani ya zambarau na kijani. Mama Shiru aliliweka katikati ya sebule.

Wakati wa kiangazi, sufi nyeupe ikaanza kutokea kwenye maungio ya ua lile. Kitambaa cha meza kikaanza kunata. Kasyoka alipangusa kila asubuhi. Siku moja Bwana Mkubwa akaweka kiwiko juu ya meza, kiwiko kikakataa kutoka.

"Hii ni nini?"

"Sijui, mzee," Kasyoka akamjibu. "Nikipangusa, inarudi."

"Inarudi! Mama Shiru, umesikia? Inarudi!"

Niliitwa siku hiyo hiyo nije niuondoe mkebe na kuuchoma. Niliinama, nikaangalia jikoni mwa jani, nikamwambia, "Mzee, hivi ni vidung'ata. Ni wadudu tu."

Alirudi hatua moja nyuma. "Wewe pia ni wa hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unavijua mpaka jina."

Hapo nikaelewa kwamba nimekuwa mshukiwa wa pili. Alinikataza kuugusa mkebe. Kisha akatoa hukumu: Jumamosi mchungaji atakuja na waumini kuisafisha nyumba kwa maombi, na maombi yakiisha Kasyoka atoke na mzigo wake, na chifu wa kwao aarifiwe ni kwa nini ametoka. Kufukuzwa kazi ni jambo dogo. Mtu hutafuta nyingine. Lakini mjane anayerudi Zombe na barua inayosema ameroga nyumba ya afisa hapati kazi tena, hapati mgeni, na watoto wake hawapati wa kucheza naye.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika nguo.

"Kasyoka, hao ni wadudu tu."

"Najua ni wadudu. Kwani mimi ni kipofu? Nimeviona vikitembea. Si umwambie?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia ukiwa umeshika kofia hivi? Hivyo ndivyo unavyoomba chumvi, ndugu yangu, mwana wa mwaitu."

"Nikimwambia zaidi ya hapo, na mimi nitafukuzwa."

"Utafukuzwa, utaenda kwa mke wako akupikie. Mimi nina watoto watatu na mama mkwe ambaye amengojea kunicheka tangu nimzike mume wangu." Alilibana shati la Bwana Mkubwa kwa kibanio kana kwamba anabana sikio. "Basi nitafutie kitu kimoja. Hiki kitu kilitoka wapi?"

Swali hilo, vijana, ndilo swali la kazi yetu yote. Mdudu wa ndani ya nyumba hazaliwi na ukuta. Ameletwa. Nani alikuja naye, alitoka kwa nani, lini? Nilichukua panga langu la nyasi na kuanza kufyeka mahali ambapo hapakuwa na nyasi, nyumba hadi nyumba, nikisifu maua ya madirishani. Mwanamke akisifiwa ua lake atakupa historia yake yote. Kwa mke wa karani kulikuwa na sufi nyeupe; kitawi alipewa na nesi. Kwa nesi ilikuwepo pia. Alipewa na fundi wa cherehani. Kwa fundi wa cherehani ndiyo usiseme. Nyumba ya mwalimu mkuu peke yake haikuwa na hata mdudu mmoja, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mkewe na Mama Mchungaji hawasalimiani. Kwa maana njia zote ziliishia mahali pamoja: kwenye baraza ya mchungaji, kwenye pipa lililokatwa nusu, ambamo lilisimama ua mama, jeupe kama kondoo.

Nikampelekea Kasyoka habari hiyo. Nilitegemea atafurahi.

"Sasa ni mbaya zaidi," akasema. "Nani atasema hilo mbele ya mchungaji? Wewe?"

Nikavua kofia.

"Nilijua," akasema, akaendelea kuosha sufuria.

Jumamosi sebule ilijaa. Mimi nilisimama dirishani na ndoo ya maji ambayo hakuna aliyeiagiza. Mama Mchungaji aliongoza nyimbo. Kasyoka alisimama karibu na mlango na mzigo wake umefungwa kwenye leso. Mchungaji alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na siku hiyo sauti ilitangulia. Aliunyooshea mkebe mkono.

"Kila kilicholetwa ndani ya nyumba hii na yule adui," akanguruma, "kirudi kilikotoka! Saa hii!"

"Amina!"

"Nimesema kirudi!"

"Amina!"

Kasyoka akaweka mzigo wake chini. Akapita katikati ya waliofumba macho, akaubeba mkebe kifuani, akatoka nje.

"Wewe Kasyoka!" Mama Shiru akafumbua macho. "Unapeleka wapi ua langu?"

"Mchungaji ameomba lirudi lilikotoka, mama. Mimi ni nani nimpinge?"

Bwana Mkubwa akamfuata, akidhani sasa ataliona pango lenyewe la wachawi. Mchungaji akamfuata Bwana Mkubwa. Kina mama wakafuata wote, bado wakiimba, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanyamaze. Tukapita mbele ya nyumba za maafisa, maandamano marefu nyuma ya mkebe mmoja, watu wakitoka kwenye milango na sabuni usoni. Aliyekuwa wa kwanza kuelewa tunakokwenda ni Mama Mchungaji. Aliacha kuimba. Kisha akaanza kutembea haraka, kisha haraka zaidi, lakini viatu vya Jumapili havimbebi mtu mbali.

Kasyoka alipanda baraza ya mchungaji na kuuweka mkebe kando ya lile pipa. Sufi na sufi zilikaa pamoja, mama na mwana, na sisimizi wa pipa wakaanza mara moja kuja kuwakagua wageni.

"Hiyo ni vumbi tu," Mama Mchungaji akasema akihema.

Bwana Mkubwa alivua kofia polepole. "Mchungaji," akasema kwa huruma ya kweli, "kumbe hata wewe wamekufikia?"

Sijawahi kuona mtu akitafuta njia ya kutokea kama mchungaji alivyoitafuta siku ile. Alilitazama ua, akamtazama mkewe, akawatazama waumini. Akisema ndiyo, amerogwa, nani atamwita tena kusafisha nyumba? Akisema hapana, ile nyeupe ni nini?

"Mtumishi wa Mungu harogwi," akasema mwishowe.

"Basi hii ni nini?"

Mchungaji akaliinamia pipa. "Ni wadudu."

"Amina," mama mmoja akaitikia kwa mazoea.

Na neno likakubaliwa papo hapo. Neno lile lile! Nililisema mimi, nikiwa nimepiga magoti, na likawa ushahidi dhidi yangu. Litieni hili kwenye sanduku lenu la vifaa: mdudu hajulikani ni mdudu mpaka asemwe na mtu anayefaa. Na Bwana Mkubwa, akirudisha kofia kichwani, alitangaza mbele yetu sote, "Hata mimi nilikuwa nashuku ni wadudu."

Alirudi nyumbani, akaketi, akasema, "Kasyoka, chai." Hiyo ndiyo samahani aliyoitoa. Barua ya chifu haikuandikwa.

Niliyatibu maua ya mtaa mzima baada ya hapo, na njia yenyewe ni hii, muichukue. Ua lenye wadudu litoe nje, peke yake, mbali na wenzake. Parua sabuni ya kufulia ya kipande, kidogo tu, kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa kitambaa laini pangusa kila jani, juu na chini, hasa chini. Penye maungio tumia njiti iliyofungwa pamba na kuchovywa spiriti. Suuza kwa maji safi, na uliweke kivulini. Simamisha mkebe kwenye sahani ya maji ili sisimizi wasivuke. Kisha rudia kila wiki, maana mayai hayakusikia habari ya jana. Na kitawi kipya kikija, hata kikitoka kwa mchungaji, kikae peke yake mpaka ukiamini.

Niliwaeleza kina mama hayo yote, nyumba kwa nyumba. Waliitikia kwa adabu. Wakapangusa mara moja, wakachoka.

Lakini jambo jingine lilikuwa limeanza. Mji ulilifikiria tukio lile ukafika kwenye jibu lake wenyewe. Walisema, sawa, ni wadudu. Lakini wadudu waliotumwa na nani? Mwanamke anayeweza kuwapandisha hadi kwenye baraza ya mchungaji, na mchungaji asimfanye kitu, huyo ana nguvu kuliko tulivyodhani. Na jioni moja nikikata ua wa michongoma, nilimwona mke wa karani akinyata kwenye mlango wa jikoni wa Bwana Mkubwa, leso imefunika nusu ya uso. Ni huyu huyu aliyeimba kwa nguvu kuliko wote siku ya maombi.

"Mwaitu," akamwambia Kasyoka kwa sauti ya chini, yaani mama yangu, na alikuwa amemzidi Kasyoka umri. "Nisaidie. Mzee wangu siku hizi halali nyumbani."

Kasyoka alimtazama bila kucheka. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya maji ya sabuni.

"Kila Jumamosi, kabla ya jua," akasema. "Pangusa majani yote ya nyumba yako. Juu na chini. Usizungumze na mtu ukipangusa. Ukiacha jani moja, usije kunilaumu."

Alikuja nesi. Akaja fundi wa cherehani. Alikuja hata Mama Mchungaji, mchana kweupe, akisingizia kuazima ungo. Kasyoka hakupokea chochote kwao, hata yai. Na mimi nawaambia kama mtu aliyeyakagua kwa macho yake: maua ya mji ule hayajawahi kuwa safi kama mwaka ule.

Nilimwuliza siku moja penye kamba ya nguo, "Kasyoka, hawa wanasema wewe ni mchawi. Hulioni hilo ni baya? Hukasiriki?"

Alikung'uta shuka, akalitandaza, akalinyoosha pembe zote.

"Nilipokuwa mtu mwema," akasema, "hakuna hata mmoja wao aliyejua jina langu. Asubuhi hii wameniamkia wanne kabla sijafika sokoni. Acha nianike nguo."